Kwenda Kamina Kuunda Mlango wa Ndege

Niliondoka Likasi kwa sababu ndege moja ndogo ilikuwa imelala Kamina wiki tatu bila mlango. Ilibeba wagonjwa kutoka Kinkondja na vijiji vya ziwani, na mlango wake wa nyuma ulikuwa umetobolewa na pipa wakati wa kupakia. Mlango mpya ungetoka Ulaya, lini hakuna aliyejua. Mimi nilikuwa fundi wa kalibu, umbo ambalo kitu huundwa juu yake, na enzi hizo za Zaire tulikuwa wachache tuliofundishwa kazi ya nyuzi za kaboni.

Njiani, siku mbili. Tenke treni ilisimama nusu siku; Bukama wachuuzi wa samaki wakavu walijaza behewa. Sandukuni nilikuwa na nguo nyeusi ya kaboni, gundi ya makopo mawili, na sega, yaani ubao wa karatasi ngumu wenye vyumba kama vya nyuki. Sega hukaa katikati, nguo juu na chini. Gundi, joto, na pampu ya kunyonya hewa ili vyote vibanane. Kikishakauka, mtoto anakinyanyua na mtu mzima anasimama juu yake.

Jumatatu, kituoni Kamina, alinipokea ajida Bolamba, mekanika wa kambi ya jeshi, mtu wa Mbandaka.

“Karibu, fundi. Treni ya kurudia iko siku ya ine. Ukiikosa, utangoja posho nzima.” Siku ya ine kwao ni Alhamisi, na posho ni wiki.

Jumanne niliziba tundu la mlango wa zamani kwa nta, nikamimina plasta juu yake kupata kalibu. Tanuri la karakana lilikuwa limekufa siku nyingi. Mke wa Bolamba, Mama Ngoie, aliyewaokea askari mikate, akatuazima tanuri lake la matofali.

Jumatano asubuhi aliweka shavu kwenye kalibu.

“Iko baridi. Iko na mayi bado, fundi.”

“Nimeipaka nta, mama. Maji hayatapenya.”

“Haya. Weye njo fundi.”

Ndiwe fundi, alimaanisha. Nilijua anasema kweli kuhusu maji. Lakini nilikuwa nikihesabu saa za treni, nikapanga nguo na sega juu ya kalibu, nikaiingiza tanurini.

Alhamisi alfajiri nilifungua kazi yangu, nikaigonga kwa sarafu kidogo kidogo. Palipo pazima hulia kavu. Karibu na bawaba sauti ikafa. Mvuke wa plasta ulikuwa umeinua nguo kutoka kwenye sega, pahali pa ukubwa wa kiganja. Kwa macho hapakuonekana kitu. Nyuma yangu Bolamba alikuwa amesimama na karatasi ya kusaini kwamba mlango ni mzima.

“Iko muzuri?”

Nilipokea kalamu yake, nikaielekeza kwenye karatasi, kisha nikairudisha.

“Hapana,” nikasema. “Kalibu ilikuwa mbichi. Mama aliniambia. Kosa ni langu.”

Hakupandisha sauti. “Nguo ingine iko?”

“Ya mara moja tu.”

“Basi, ikala.” Kaa, alikuwa akiniambia.

Siku tano kalibu ilikaa kando ya tanuri, na kila asubuhi Mama Ngoie aliigusa kwa shavu, akatikisa kichwa. Sikubishana tena. Siku ya sita akasema, “Sasa.” Alitoa mikate, akaacha matofali yapoe mpaka mkono wake uvumilie mlangoni, ndipo tukaingiza kazi. Kipimajoto changu kilikubaliana naye.

Mlango wa pili ulilia sauti moja toka pembe hadi pembe.

Jumatano ya wiki ya pili tuliufunga kwenye ndege, na rubani akataka kuijaribu angani kabla ya kubeba mgonjwa. Bolamba alipanda bila kuitwa, akaketi ubavuni mwa mlango, akaniita kwa mkono.

“Kuya, fundi. Weye pia.”

Nilipanda. Tuliizunguka njia panda ya reli, kiganja changu kikiwa juu ya mlango muda wote. Haukutikisika zaidi ya ukuta wa ndege.

Niliporudi Likasi, mkuu wangu aliuliza kwa nini nimechelewa wiki nzima. Niliandika katika ripoti: kalibu mbichi, haraka yangu. Alisoma, akaiweka kwenye faili. Kuhusu gundi na joto sikuongeza elimu kubwa safari ile. Nilichojifunza ni kwamba mlango wa kwanza nilikaribia kuusaini nikapanda treni, na haikuwa imenipitia akilini hata mara moja kwamba kuna mtu angeketi ubavuni mwake.