Dereva Aliyepasha Moto Mashine ya Kufulia

Mtaani walimwita Breki, na jina hilo alilitoa kazini. Miaka yote aliyoendesha lori la mizigo hakuwahi kugonga hata kuku, maana mguu wake ulipenda breki kuliko kitu kingine chochote. Alipostaafu alirudi nyumbani na kofia iliyopauka, furushi la kamba za turubai, na mazoea ya kuamka wakati wenye akili zao bado wanavuta blanketi.

Mkewe ni fundi cherehani, anashonea sebuleni kando ya dirisha. Mungu alimpa mikono mizuri, lakini vifundo vya vidole vilikuwa vimeanza kuuma, na daktari alimwambia bila kuzunguka, "Chagua, mama. Ukiendelea kukamua nguo, hutashika sindano tena." Breki alilisikia neno hilo akiwa amesimama mlangoni, likamwingia. Asubuhi moja alimwona mkewe akishika kikombe cha chai kwa mikono yote miwili, kama mtoto. Akajifanya anatafuta kofia yake.

Basi shemeji yake, mdogo wa mkewe, alipohamia nyumba yenye nafasi finyu, akawaletea mashine zake mbili, ya kufulia na ya kukaushia.

"Kaeni nazo mpaka mwisho wa mwezi," akasema. "Zikiwafaa ni zenu. Umeme ukiwashinda, nazichukua. Kuna mwenye saluni anazililia."

"Shemeji, mimi nimeendesha lori," Breki akajibu akijipigapiga kifua. "Nitashindwa na ndoo yenye kifuniko?"

Kazi ya kufua akaichukua yeye. Kila asubuhi sauti ya mashine ilisikika hadi kwa jirani, na nguo zilitoka zikiwa kavu, za moto kama mikate. Mkewe akamsifu. Mikono ikaanza kupata nafuu. Kila kitu kilikwenda vizuri mpaka siku moja, mwezi ulipofika katikati, mashine ikiwa imejaa maji na mashati, ikakoroma mara moja na kunyamaza. Taa zikazimika. Mita ilikuwa imekauka kabisa, na umeme walioununua mwanzoni mwa mwezi kwa kawaida uliwatosha mwezi mzima.

Mkewe akaja na futi yake ya kupimia nguo shingoni.

"Baba Pacha, hebu niambie. Hii mashine huwa unaiwashaje?"

"Kama kawaida. Kwanza naipasha moto."

"Unapasha nini?"

"Mashine. Naiwasha ikiwa tupu, na maji ya moto, izunguke mpaka ipate joto. Halafu na mwenzake wa kukaushia naye nampa zamu yake. Huwezi kuipakia injini mzigo ikiwa baridi, Mama Pacha. Utaiua."

Mama Pacha alimtazama. Akatafuta pa kukaa, akapata beseni lililopinduliwa, akaketi juu yake na kucheka mpaka machozi yakamlowesha futi.

"Yaani tumenunua umeme wa kuogesha hewa! Na hewa yenyewe tukaikausha!"

Breki naye akacheka, ingawa kwa aibu. Kisha mkewe akajifuta uso, akasema kwa upole, na upole wake ndio uliomtisha.

"Nitanunua umeme kidogo kwa siku zilizobaki. Huo ukiisha kabla ya mwezi kwisha, mdogo wangu aje achukue mashine zake. Siwezi kushona gizani. Beseni langu bado lipo."

Alipolitaja beseni, alilipiga kofi dogo pembeni, na Breki akaona vile alivyoukunja uso kwa kofi hilo dogo tu. Jioni ile aliomba dua ndefu kuliko kawaida, na mashine ya kufulia ilikuwa ndani yake.

Kulipokucha hakupasha moto kitu. Alikaa mbele ya mashine akaitazama kama mtu anayetazama mlima kabla ya kupandisha na mzigo. Alikumbuka kwamba katika kazi yake dhambi kubwa ilikuwa kwenda safari na lori nusu tupu, mafuta yanaungua bure. Basi akaanza kusubiri nguo zijae. Hakuzishindilia, aliacha nafasi ya mkono kupita juu yake, kama wanavyoacha nafasi chini ya turubai. Maji ya moto akayaacha kabisa, isipokuwa kwa taulo zilizochafuka mno. Kola na mikono ya mashati alivisugua kwa sabuni jioni na kuviloweka kwenye beseni, kwa hiyo asubuhi mashine ilipewa safari fupi. Sabuni aliipima kwa kifuniko cha chupa, kwani alikuwa amegundua kwamba povu likizidi, inabidi kusuuza tena na tena. Na maji ya kusuuza aliyakinga kwenye ndoo, akapigia deki nyumba nzima mpaka barazani.

Ile mashine ya kukaushia, ambayo mkewe sasa aliiita Tanuri, akaifunika kwa shuka.

Kisha akafungua furushi lake. Kamba za turubai zikavutwa kutoka ukutani hadi kwenye nguzo ya tangi la maji, zikakazwa kwa mafundo ya madereva ambayo hata tembo angeyaomba msamaha. Kila nguo aliikung'uta kwa nguvu kabla ya kuianika. Mashati aliyaning'iniza kwa pindo la chini, suruali aliigeuza ndani nje mifuko ipate hewa, na kati ya nguo na nguo akaacha njia ya upepo.

Jirani yake, fundi redio mwenye ulimi mrefu, akachungulia juu ya ukuta.

"Breki! Siku hizi soksi unazipeleka safari ya wapi?"

"Mpaka juani na kurudi. Una mzigo?"

"Nina suruali moja."

"Moja sipakii. Subiri ijae."

Mkewe alicheka kule dirishani. Baadaye akagundua jambo ambalo hakulitegemea: nguo zilizokung'utwa na kunyooshwa vile hazikuwa na mikunjo mingi, na pasi yake, mlaji mkubwa wa umeme, ilikuwa ikipumzika siku nyingi.

Lakini wiki ya mwisho mvua ikaja na ikagoma kuondoka. Nguo zikalundikana. Mama Pacha alikuwa na gauni la mteja la kumalizia, na sketi yake mwenyewe ya kuendea ibadani ilikuwa inadondosha maji.

"Washa tu Tanuri," akasema. "Mara moja tu."

Breki alikwenda kusoma mita, akarudi akitikisa kichwa.

"Siiwashi. Tukiiwasha leo, kesho kutwa unarudi kwenye beseni."

Akazungusha nguo kwenye mashine mara ya pili ili zikamuke zaidi, akisema kuzungusha kunakula kidogo, kinachokula sana ni joto. Akafunga kamba kwenye korido, akafungua mlango wa mbele na wa nyuma upepo upite. Sketi akaitandaza juu ya taulo kavu, akaikunja pamoja nayo kama mkeka, akavua viatu, akapanda juu yake na kuikanyagakanyaga.

Jirani akapita na mwavuli, akasimama.

"Hiyo ngoma inaitwaje?"

"Ya kukausha sketi. Ukiingia, nawa miguu!"

Mama Pacha alivaa sketi yake ikiwa kavu.

Siku ya mwisho ya mwezi mita ilianza kulia pi, pi, pi, kuonya kwamba umeme unakaribia kwisha, na kulia huko ndiko kulikompokea shemeji alipoingia uani na gari dogo la mizigo. Hakusalimia vizuri. Alikwenda moja kwa moja kwenye mita, akasikiliza, akatazama taa iliyokuwa ikiwaka juu ya cherehani.

"Umeme haujaisha?"

"Bado. Mita inalia tu," Breki akasema. "Hata mimi ningelia, kwa mwezi kama huu."

Shemeji akamgeukia dada yake. Mama Pacha alikuwa anakunywa chai, kikombe kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine anapapasa pindo la gauni.

"Ya kufulia inabaki," akasema Mama Pacha. "Dereva wake nimemzoea."

"Na ya kukaushia? Au nirudi na gari tupu?"

Neno hilo lilimchoma Breki kuliko lilivyomchoma shemeji. Akalivuta shuka, akaikumbatia Tanuri na kuisukuma hadi garini, huku jirani akisaidia na kutoa amri zisizohitajika. Mwenye saluni atafurahi, wakasema. Ilibaki kuifunga. Breki alizunguka gari, akaguna, mwishowe akaenda kufungua kamba moja pale kwenye nguzo, taratibu, kama mtu anayevua pete. Akaufunga mzigo, akautikisa, haukusogea.

"Kamba nakuazima tu, shemeji," akasema. "Irudi leo leo. Kesho nina mashuka."