Mkalimani wa Mdogo Wangu

Nilikuwa na miaka kumi na miwili, mdogo wangu saba, baba alipotaka apewe mmoja wetu. Alikuwa amemwacha mama na kuoa tena huko kijiji cha Hulugho, na mke mpya alikuwa amejifungua mapacha, anahitaji mtu wa kumbebea. Mama, aliyeuza maziwa sokoni Garissa, alikataa. Wakapelekana kwa afisa wa watoto.

Afisa alikuwa mama mpole, mgeni mjini, Kisomali anajua salamu tu. Alisema sheria inataka watoto wasikilizwe, akawatoa wazazi nje ili tuseme bila woga. Mdogo wangu alikuwa hajaanza shule, Kiswahili hakijui. Basi mkalimani nikawa mimi.

Niliulizwa kwanza, nikasema nabaki na mama. Hapo ndipo woga ukanishika. Mdogo wangu naye akisema mama, baba atamng'ang'ania yule mwenye mgongo wa kubeba watoto na mitungi ya maji. Mimi.

"Mwambie sitaki kwenda," mdogo wangu alisema kwa lugha yetu. "Mke wa aabo ananipiga. Ananinyima maziwa."

Ilikuwa kweli. Tulikuwa tumekaa kule Idd iliyopita, niliona kwa macho yangu.

"Anataka kwenda kwa baba," nilimwambia afisa. "Anasema kule kuna maziwa mengi."

Ulimi hauna mfupa, na wangu siku ile haukukwama popote. Afisa akamwinamia mdogo wangu. "Ni hivyo, mtoto mzuri?"

Mtoto akanitazama.

"Anauliza kama umemaliza," nikamwambia. "Sema ndiyo."

"Ndiyo," akasema kwa sauti ya juu, akijivunia Kiswahili chake. Afisa akatabasamu, akaandika.

Sitadanganya kwamba nilijuta. Nilifurahi. Mama alipomlilia, nilimwonea wivu kwa kuliliwa.

Mdogo wangu amerudi mwaka huu, mtu mzima, ana kovu juu ya jicho ambalo hataki kuulizwa. Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu. Juzi tukichambua mchele aliniambia hatamsamehe yule afisa, aliyeambiwa kila kitu na bado akampeleka.

"Lakini wewe ulinisemea, abaayo," akasema. "Dada mwingine angenyamaza. Allah akulipe."

Nikajibu amin.