RAM Kubwa Imeniumbua Korogwe

Leo nimeumbuka dukani, na bado nacheka!

Kompyuta yangu ya prosesa mbili nimeiongezea kasi kuliko ilivyotoka kiwandani. Sasa inaganda kila nikifungua wimbo aliorekodi mke wangu nyumbani Kasulu.

Nimetoka shamba la mkonge hoi, nikaipeleka kwa dada mmoja fundi kompyuta. "Nipe RAM kubwa kuliko zote, kumbukumbu iongezeke!"

Akaichomeka. Skrini giza. Wateja wote wakanigeukia mimi.

"Kaka, huku siyo kukata mkonge. Kila prosesa inataka RAM yake, zifanane, na ziiweze hiyo kasi."

Akaweka mbili ndogo. Mke wangu akaimba mpaka mwisho, hakuganda.

"Imepona, kaka."

Nikamwambia rudia wimbo, tuhakikishe.

Jamani, tumehakikisha mpaka anafunga duka. Wewe ungeondoka mkeo akiimba?