Siku Mkwe Alipofunga Jeki za Usukani

Mimi ni mtu wa mdomo. Kazini naongea, nyumbani naongea, mke wangu anasema hata usingizini nabishana. Ila mbele ya baba yake nakuwa bubu. Kwetu Usukumani mkwe habishiwi, na huyu wangu ndiye fundi aliyenitoa kwenye matatizo kila mara kijiko changu kilipogoma.

Kijiko chenyewe ni mashine kuukuu ya kuchimbia mitaro. Jeki zake mbili za usukani, zile zinazosukuma matairi ya mbele kwa nguvu ya oili, zilikuwa zinavuja vibaya. Niliporudi nacho kutoka kazini Busisi nilizungusha usukani weee, mpaka mikono ikauma, ndipo matairi yakakubali kugeuka. Nikakiegesha upande wa juu wa nyumba yetu, mlimani kule Mabatini, pua ikitazama chini, mawe mbele ya matairi. Hapakuwa na pengine. Na kule chini, hatua kama thelathini, kulikuwa na chumba walimolala mke wangu na mtoto wetu wa wiki mbili. Tangu nilipozima injini roho haikutulia.

Mkwe alifika asubuhi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Jeki mpya ziko wapi?"

Hakukaa hata kunywa chai. Tukang'oa pini, tukatoa jeki za zamani, oili ikatuchuruzika mpaka viwikoni. Kila jeki ina hozi mbili, mipira ya kupitishia oili; nilikuwa nimezifunga vitambaa, chekundu kwa inayokata kulia, cheupe kwa inayokata kushoto, tusije tukachanganya. Mkwe akavifungua vyote akavitupa.

"Vitambaa vya nini? Mimi natumia kichwa."

Sawa, baba. Nikamsogezea jeki mpya.

Alipoanza kufunga hozi kwenye jeki mpya, nikaona ile iliyokuwa juu imekwenda chini. Au nimekosea? Nikatazama upande wa pili. Nako vilevile. Mungu wangu! Hozi zikipishana hivyo, ukikata kulia matairi yanakwenda kushoto.

"Baba, ile hozi..."

"Nipe spana."

Nikampa. Jamani, nilimpa! Nikajiambia mzee huyu amefunga jeki kabla sijajua kushika bisibisi, atagundua mwenyewe akijaribu. Kawaida unakandamiza kwanza baketi la mbele, lile la kuchotea udongo, ili pua iinuke na matairi yakae hewani, unazungusha usukani uone. Lakini wingu lilikuwa limeshatanda upande wa ziwa, naye alikuwa na haraka ya kuwahi gari stendi ya Buzuruga. Akapanda, akawasha, akaniambia nitoe mawe.

Nikatoa. Moja baada ya jingine, nikatoa yote. Heshima gani hii, sijui.

Njia ya kushuka inakata kulia. Nyumba yangu iko kushoto. Mkwe akakata kulia, kijiko kikaelekea kushoto. Akazidisha kulia, nacho kikazidi kushoto, na breki zake ni zile za kubembeleza. Nikaliona pazia la dirisha la chumbani likija mbele yake.

"Shusha baketi!" Nilipiga ukelele ambao sijawahi kumpigia mtu, sembuse mkwe. "Shusha baketi, wewe mzee!"

Akalishusha. Baketi la mbele likachimba ardhi, likabeba tuta zima la mchicha, mashine ikakita na kuzimika. Kati yake na ukuta angeweza kupita mtu mmoja, tena kwa ubavu.

Mkwe akashuka taratibu. Nilidhani atanigombeza kwa kumwita vile, nikaanza kuomba radhi. Akanyoosha kidole kwenye zile hozi.

"Uliona?"

"Niliona, baba."

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu ulipofunga ya kwanza."

Akatikisa kichwa.

"Ukanyamaza kwa kuniheshimu mimi," akasema. "Na mwanangu yumo mle ndani."

Mke wangu akatoka amembeba mtoto, usingizi bado machoni. Akatazama mchicha wake, akatazama baketi, akatutazama sisi.

"Kuna nini?"

"Muulize mume wako," mkwe akamjibu. Kisha akapanda hadi pale tulipofungia jeki, akainama, akaanza kuokota vile vitambaa.

Nami, mtu wa mdomo, nikaanza kumsimulia mke wangu tangu ile hozi ya kwanza.