Nilimsalimia Mmoja Tu Koboko

Sikwenda Koboko kutembea. Mama alinipigia simu Alhamisi akasema, "Keji, kuja haraka. Wani nakataa mtoto yake kubatizwa kanisani." Ubatizo ulikuwa Jumapili, na mimi ndiye niliyeombwa kumsimamia huyo mtoto. Wani ni mdogo wangu. Tangu ajiunge na kikundi chake cha maombi anamtaja Roho Mtakatifu peke yake, na alikuwa ameapa kwamba mwanawe atabatizwa mlimani, kwa jina la Roho tu. Mama naye kwa hasira akajibu kuwa yeye anamjua Mungu Baba, basi, na huyo Roho anayewapigisha watu kelele usiku kucha hamtaki nyumbani. Nilichoka hata kabla ya kufunga mkoba.

Ijumaa asubuhi nilitoka kwangu Ediofe, pembeni mwa mji wa Arua, kwa bodaboda hadi stendi. Wiki nzima nilikuwa nimefundisha katekisimu, sauti imekauka, goti la kulia linauma. Gari la Koboko likangoja abiria mpaka jua likawa kali. Jamani, kungoja nako ni kazi!

Tulipopita Maracha mvua ilianza. Mimi nilikuwa napanga hotuba yangu: hapa nitamweleza Baba, hapa Mwana, hapa Roho, na Wani atakosa pa kujificha. Nilijiona mwalimu kweli.

Koboko nilifika nimelowa, viatu vizito kwa matope. Wani alikuwa barazani. Nikampa mkono, na kabla hajauachia nikaanza, "Wewe, nani amekudanganya?"

"Dada, Baba alishafanya kazi yake," akasema. "Mwana pia alishafanya. Sasa iko saa ya Roho."

"Kwani wanapokezana zamu kama askari?"

Tukavutana hapo hapo mpaka Kiden, mke wa Wani, alipoleta ugali wa muhogo, mboga ya simsim, yaani ufuta, na maji ya kunawa. Wani akanawa, nami nikanawa. Mama, aliyekuwa ameketi kwenye mkeka karibu na mlango, hakunyoosha mikono.

"Mama, huli?"

"Mimi iko hapa tangu wewe nafika," akasema polepole. "Nani nasalimia mimi?"

Kwetu anayeingia nyumbani humpa mkono kila aliyepo, hadi mtoto wa mgongoni. Ukimruka mtu, umesema hayupo. Mimi nilimpita mama yangu mzazi kama kiti.

Wani akacheka. "Dada nakuja na Utatu mzima kwa mkoba, mama yake anasahau!"

Nikapiga magoti, goti lile bovu likilia, nikamshika mama mikono yote miwili. Kisha nikamsalimia Kiden, kisha mtoto mgongoni mwake. Hotuba yangu yote ilikuwa imekwisha. Nilikuwa nimechoka mno, nikasema tu lililokuja.

"Nimekosa, nilikuja kwa mmoja tu. Lakini na wewe, Wani, kila siku unaingia kwa Mungu unatoa mkono kwa mmoja. Na wewe pia, mama."

Najua padri angenisahihisha, maana Mungu ni mmoja, si nyumba ya watu wengi. Sikuwa na nguvu ya mfano mwingine. Aliyejibu ni Kiden, ambaye tangu ugomvi uanze hakuna aliyemuuliza kitu.

"Mimi nataka mtoto yangu ajulikane kwa wote. Baba, Mwana, Roho. Yote."

Wani akamgeukia mkewe. "Basi," akasema, "Jumapili tutaenda."

Jumapili tukaenda. Padri alimwaga maji mara tatu, akitaja kila jina, na mtoto alilia mara zote tatu. "Amina" ya Wani ilisikika kanisa zima. Nyumbani mama akaombea chakula. Akamshukuru Baba, kama kawaida yake. Akamshukuru Mwana. Halafu akakwama. Tulingoja, mboga ikapoa, hakuna aliyethubutu kufumbua macho.

"Na wewe Roho Mtakatifu," akasema mwishowe, kwa haya, "habari ya siku mingi."

Wani aliinamisha kichwa, akalia.

Jumatatu nilirudi Arua, goti limevimba, na darasa la katekisimu linaningoja kesho yake. Uchovu sikuuacha Koboko, nilirudi nao. Mlangoni pangu nikafanya ishara ya msalaba, ile ambayo kwa miaka nimekuwa nikiifanya mbiombio kama mtu anayefukuza nzi. Safari hii nilikwenda taratibu, jina kwa jina. Nilipofika kwa Roho nikakosa la kusema, nikaazima maneno ya mama.