Jiko la Pili

Wifi yangu Nirupama hakuolewa. Hapa kijijini kwetu, milima ya Palpa, watu husema ameolewa na bima ya afya, na akiwasikia hucheka. Kazi yake Kathmandu ni kuwaongoza wale wanaopanga jinsi serikali na wananchi watakavyochangia matibabu, ili mtu asilazimike kuuza nyati wake wa maziwa ndipo atibiwe. Mimi niliishia darasa la tano. Kazi hiyo niliielewa siku aliponieleza jikoni, tukimenya vitunguu saumu, binti yangu akimvuta shali.

Alisema ilianza alipokuwa msichana wa shule. Jirani yetu alipelekwa hospitali amebebwa kwenye kapu la mgongoni, akarudishwa kwenye kapu lile lile kwa sababu ndugu zake hawakuwa na cha kulipa. "Alikuwa amekaa mle ndani kama kuni, wifi. Akanisalimia. Wiki haikuisha, akafa." Hakuisahau salamu ile.

Kilichomsumbua kazini zaidi ni jambo ambalo ungelidhani dogo: nyumba ni nini? Bima yao inalipwa kwa nyumba nzima, si kwa kichwa. Lakini kuna ndugu wanaolala chini ya paa moja na hawajuliani hali. Kuna baba aliye kijijini na wanawe wako Qatar, kama mume wangu. Wakubwa wake walibishana mpaka chai ikapoa. Ndipo Nirupama akasema: wanaokula jiko moja ni nyumba moja. Kwetu ndugu wakitengana, kinachogawanywa kwanza ni jiko, hata kabla ya shamba. Kila Mnepali anajua hivyo, na hakuna aliyehitaji kuelezwa.

Majira yale ya baridi alikuja nyumbani na furaha yake yote.

"Mama, nimewanyamazisha! Watu wana digrii mbili mbili, nimewaambia neno moja tu: jiko!"

Mama mkwe alikuwa akigeuza dengu. "Kumbe serikali inakulipa mshahara kwa mambo ninayoyajua mimi bure," akasema. "Waambie na mimi wanipe kiti na meza."

Tulicheka sote. Na pembeni ya baraza, akipuliza moto wake mdogo, Shangazi Rukmini naye alicheka.

"Umesema vizuri, binti yangu," akasema kutoka kwenye moshi wake.

Shangazi ni dada wa baba mkwe. Alifiwa na mumewe angali msichana, akarudi kwa kaka yake na nguo nyeupe, akaweka nadhiri ya kutokula chakula kilichopikwa na mkono mwingine. Kila alfajiri huoga bombani, hata kukiwa na barafu, kisha huwasha jiko lake na kupika chungu chake. Mchana hukaa akisokota pamba ziwe tambi za taa za hekaluni. Yeye ndiye aliyembeba Nirupama mgongoni mama mkwe akiwa shambani. Tangu azaliwe Nirupama aliona moshi wa majiko mawili ukitoka nyumba hii. Labda ndiyo sababu siku ile aliposema neno jiko hakuuona.

Uandikishaji ulipofika kwetu, aliyekuja alikuwa Tulasa, binti wa mwenye duka la juu. Akatuhesabu mmoja mmoja, mpaka mtoto wangu aliyekuwa amelala. Kisha akamgeukia Shangazi.

"Bibi, na wewe unakula jiko hili?"

Mama mkwe akamkonyeza Shangazi. Nikamwona Shangazi ameona, akageuza uso.

"Mimi? Sijaonja chungu cha mtu tangu nivae nyeupe."

"Wifi," mama mkwe akasema, "sema tu unakula nasi. Nani atakuja kuchungulia sahani?"

"Nadhiri nimeitunza ujana wangu wote, leo niikane kwa ajili ya vidonge?"

Tulasa akaona haya. Akaeleza kwamba basi Shangazi ni nyumba yake peke yake, na atatakiwa kulipa sawa na nyumba ya watu watano.

"Loo! Basi mtu mmoja nile dawa za watu watano?" Shangazi akacheka. "Nenda, mwanangu. Mimi siumwi."

Baba mkwe alisema atamlipia. Shangazi akamkatalia mbele yetu, akasema fedha ya mume wangu aliye Qatar ni ya kumsomesha huyu aliyelala. Baba mkwe anamjua dada yake, akishasema hapana, amesema.

Lakini alikuwa anaumwa. Miezi michache baadaye aliniambia taa ya hekaluni imeota mwezi kuizunguka, akaniuliza kama nami nauona. Halafu nikamwona anamwaga maji kando ya lota, kile chombo chake kidogo cha shaba. Halafu akawa anapapasa ngazi kwa unyayo kabla ya kushuka. Mama mkwe alitaka kumpigia Nirupama simu, Shangazi akamshika mkono.

"Yule mtoto ana kazi ya nchi nzima. Msimsumbue kwa jicho la mjane mmoja."

Mama mkwe akaiweka simu.

Ikafika Dashain, sikukuu yetu kubwa, Nirupama akaja na peremende za mtoto na shali ya mama yake. Asubuhi ya tika tukapiga magoti mbele ya wakubwa mmoja mmoja, watubariki na kutubandika mchele mwekundu kipajini. Zamu ya Shangazi ilipofika, Nirupama akainamisha kichwa. Shangazi akanyoosha vidole vyake na mchele, akasema maneno yote ya baraka bila kukosea hata moja, akaubandika kwenye jicho.

Watoto wa jirani wakapasua kicheko. "Bibi amelewa!"

Nirupama naye alicheka, mchele ukimdondoka shavuni. Kisha akaacha kucheka. Akapitisha kiganja mbele ya uso wa Shangazi, polepole. Shangazi aliendelea kutabasamu akitazama mahali Nirupama alipokuwa mwanzo.

Hawakungoja sikukuu iishe. Daktari wa macho mjini alisema jicho moja limekufa na la pili limebaki na mwanga kama wa tundu la ufunguo, nao hautakaa. Alisema ni ugonjwa wa presha ya jicho, kwamba matone ya kila siku yangeuzuia kama angekuja mapema, na kwamba matone hayo yamo kwenye bima.

Usiku ule Nirupama hakugusa sahani.

"Kwa nini hamkuniambia kwamba hakuandikwa?"

Mama mkwe akafunika chungu. "Ulisema mwenyewe, mwanangu. Jiko moja."

"Nilisema..." Alikuwa akitazama jiko dogo la pembeni ya baraza.

"Acha mtoto ale," Shangazi akasema. "Sheria yake nzuri. Mkaidi mimi."

Asubuhi Shangazi alipojaribu kuwasha moto, ncha ya sari yake ilishika moto. Niliuzima kwa maji ya kumwogeshea mtoto. Sote tukajua kwamba hatapika tena, naye alijua. Nirupama akaenda bombani, akaoga yale maji ya baridi, akavaa nguo safi, akarudi akitetemeka na kuchuchumaa mbele ya jiko lile dogo.

"Shangazi, nikupikie mimi. Hapa hapa, kwa chungu chako. Mkono wangu si umeulea wewe?"

Shangazi alifikiri. Uso wake ulilainika, nikadhani amekubali.

"Na kesho?"

"Kesho pia."

"Na ukirudi Kathmandu?"

Nirupama alikuwa na basi Jumapili. Shangazi akampapasa mpaka akakipata kichwa chake chenye maji.

"Kajifute, utapata mafua. Buhari atanipakulia huko ndani."

Buhari, mke wa kijana wao, ndiye mimi. Nikampakulia wali na dengu kutoka chungu cha wote. Alikula akiwa amefumba macho, akatafuna muda mrefu, akasema chumvi imezidi. Hakuna aliyecheka. Nirupama alitoka nje.

Mwaka mpya wa bima Tulasa alirudi. Akauliza lile lile, kwa sauti ya chini: "Bibi, siku hizi unakula jiko gani?"

"Hili hili la watu wote," Shangazi akasema. "Niandike."

Jioni nikampigia wifi simu kumwambia ameandikwa. Nilidhani atafurahi. Nyuma yake nilisikia mtu akimwita kikaoni, akaniaga.

Mstari ule wa jiko moja kwenye sheria aliubadilisha. Ilimchukua muda na vikao vingi, lakini sasa mzee anayejipikia kwa nadhiri au kwa maradhi anahesabiwa na nyumba anayolala. Wajane wawili wa ng'ambo ya mto wamepata kadi kwa njia hiyo. Watu wakimsifu Nirupama, hubadilisha mazungumzo.

Mama mkwe alitaka jiko la pembeni livunjwe, tupate mahali pa kuanikia mahindi. Nirupama akaomba libaki. Kila akija, kabla ya kunywa chai, hufunga sari, huchanganya udongo mwekundu na samadi, hulisiliba kwa kiganja mpaka ling'ae, ingawa halijawashwa tena. Shangazi hukaa karibu na pamba zake, maana tambi bado anasokota, vidole havihitaji macho. Husikia harufu ya udongo mbichi.

"Nani huyo anasiliba?"

"Mimi, Shangazi."

"Usizidishe maji. Litapasuka."

"Sizidishi," wifi hujibu, na huendelea kusiliba.