Niling'oa Uwanja wa Mpunga wa Mke Wangu kwa Ajili ya Tenisi

Nimekosa. Nalikiri kosa langu mwenyewe kabla halijafika sokoni, maana likifika huko litaota pembe na mkia, na mimi habari yenye mkia siitaki.

Nianze kwa kutenganisha mambo mawili. Niliyoyaona kwa macho yangu nitayasema kuwa niliyaona. Niliyoyasikia nitayataja kuwa niliyasikia, na nitakwambia nani alinieleza. Nilikuwa hakimu wa mahakama ya mwanzo mpaka nilipostaafu, na katika miaka yote hiyo sikupokea ushahidi wa kusikia, hata aliyeuleta akiwa padri. Nakwambia haya mapema ili uelewe kwamba kilichoniponza si uzembe. Kiliniponza kitu nilichokuwa najivunia.

Niliyoyaona ni haya. Palikuwa na binti wa tenisi, wa nchi ya mbali ambayo kila mmoja wetu alilitamka jina lake kivyake. Mwaka jana hakujulikana. Mwaka huu, viwanja vya nyasi vilipofunguliwa, alianza kuwaangusha wakubwa mmoja baada ya mwingine. Niliyaona hayo sebuleni kwangu, hapa Ifakara, kwenye televisheni yangu. Kama kutazama televisheni ni kuona au ni kusikia, tulibishana jioni nzima. Niliamua kuwa ni kuona, na kwa kuwa televisheni ni yangu, uamuzi ulipita.

Tulikuwa wanne. Alikuwepo Masanja, fundi mitambo mstaafu wa mashamba ya miwa, Msukuma aliyekuja bondeni kijana na akazeekea hapa. Alikuwepo Mwalimu Editha, anayefundisha michezo sekondari, mwenye raketi mbili alizozisuka upya kwa mshipi wa kuvulia samaki. Alikuwepo Dulla, kinyozi, ambaye alikuwa anafunga kibanda chake mteja akiwa amenyolewa upande mmoja. Wa nne ni mimi.

Mke wangu, Mama Asteria, alikuwa kijiji cha Mbingu akivuna mpunga.

Yule binti tulimpa jina la Mundu, kwa sababu ya pigo lake la kukata chini chini, mkono ukipita kama wa mtu anayevuna. Akilipiga lile pigo, sebule yote inasimama. Mimi, ambaye sikupiga makofi hata siku niliyoagwa kazini, nilijikuta siku moja nimesimama juu ya stuli, nimemshika Masanja kichwa kwa mikono miwili, nashangilia.

"Mheshimiwa, shuka," Mwalimu Editha akaniambia. "Ukianguka tutasema nini?"

"Mtasema mlichokiona," nikamjibu.

Ubishi ulianza baada ya raundi ya tatu. Swali lilikuwa dogo: kwa nini Mundu anatisha kwenye nyasi, wakati kwenye viwanja vingine alikuwa anatolewa mapema?

"Kwenye nyasi mpira hauinuki," Masanja akasema. "Unateleza kama sabuni bafuni. Wenzake wanausubiri kiunoni, wenyewe umeshapita kwenye ugoko."

"Umeyaona wapi hayo?"

"Kule kwenye miwa. Zamani wakubwa walikuwa na uwanja wao wa nyasi."

"Ulicheza?"

"Mimi fundi mitambo nicheze na nani? Aliniambia mpishi wao."

"Mpishi alicheza?"

"Mpishi alikuwa anawapelekea chai."

"Basi hayo ni maneno ya mpeleka chai," nikasema. "Yafutwe."

Dulla alicheka mpaka akashika mlango. "Mzee wangu, si tuangalie tu kwenye simu? Mbona jambo jepesi."

"Hiyo simu ilicheza wapi?"

"Kwa hiyo, Mheshimiwa," Mwalimu Editha akauliza, "wewe hutaamini mpaka mpira ukupige ugoko?"

"Ndiyo."

"Basi tupande nyasi tuone."

Alikuwa anatania. Watatu wao walikuwa wanatania. Ni mimi peke yangu niliyelichukua lile neno kama ombi lililofikishwa rasmi mbele yangu. Nikatazama nje dirishani, na pale nje palikuwa na sehemu tambarare kuliko zote mtaani kwetu.

Sasa nikueleze ile sehemu ilikuwa nini.

Ulikuwa uwanja wa Mama Asteria wa kuanikia mpunga. Nyumba ni yetu sote, lakini uwanja ni wake. Udongo wake ni wa kichuguu. Mama yake mzazi ndiye aliyeanza kuubeba kwa kichwa, na kila mwaka kabla ya mavuno Mama Asteria anaulowesha, anaushindilia, anausiriba upya mpaka unakuwa kama sahani. Kokoto hata moja huioni. Mpunga uliokauka pale ukienda mashineni mchele unatoka mzima, punje ndefu, chenga hakuna. Wanunuzi wa upande wa Kidatu wanampigia simu kabla hajashika mundu. Jina alilonalo mke wangu katika mji huu limetoka kwenye udongo ule.

Mimi nikauingiza jembe.

Nilijiambia kwamba atachelewa kurudi, tutapima, tutarudisha kila kitu, naye hatajua. Jembe la kwanza nililipiga mwenyewe. Udongo ulilia kama chungu kinachovunjika, na hata hilo halikunizuia. Dulla akaendeleza upande wa pili. Ndipo simu ikaita.

"Baba Asteria, shikamoo."

"Marahaba. Habari za huko?"

"Nzuri, ila nguruwe wanatusumbua. Uwanja wangu haujambo?"

Dulla alikuwa ameinua jembe juu. Nilimwonyesha kwa kidole asilishushe.

"Haujambo," nikasema.

Ndugu yangu unayesoma, kosa langu lenyewe ni hilo. Jembe lilikuwa ujinga, na ujinga unasameheka. Lakini niliulizwa swali la wazi na mtu anayeniamini, jibu liko mbele ya macho yangu, nikatoa ushahidi wa uongo. Wapo watu niliowahi kuwafunga kwa pungufu ya hapo.

Nikakata simu, Dulla akashusha jembe.

Sitakuficha, siku zilizofuata zilikuwa za raha tupu. Ukoka tuliuchimba kwenye kishamba changu cha kando ya mto Lumemo, vipande vipande na udongo wake, tukausomba kwa bajaji. Tuliupanga kama vigae. Tukaumwagilia asubuhi na jioni. Masanja alikata sehemu ya chandarua kuukuu akaifanya wavu. Dulla alipunguza kingo kwa mashine yake ya kunyolea mpaka ikatoa moshi, na wateja wake wakaja kumfuata kwetu, wakabaki kushangilia. Tulikuwa wazee na watu wazima, tunatambaa kwa magoti juu ya majani, tunapapasa kama yamelala sawa, huku tunabishana Mundu atavaa viatu gani.

Siku ya nusu fainali, asubuhi, tukapima.

Nilisimama upande wa kupokea, suruali nimeikunja. Mwalimu Editha akapiga mpira wa kwanza, ukazama kwenye ukoka, ukafia hapo.

"Mpeleka chai kakosea," nikasema.

"Tulia, Mheshimiwa," Masanja akasema. "Mahakama haijafungwa."

Mwalimu Editha akarudi nyuma, akauvuta mkono kwa namna ya Mundu mwenyewe, akakata. Mpira uligusa nyasi, ukateleza. Haukuinuka. Niliusubiri kiunoni, ukanipiga ugoko.

Niliuona. Niliusikia kwenye mfupa.

"Ushahidi upokelewe!" nikapiga kelele. Masanja akanikumbatia, Dulla akatukumbatia sote wawili, tukaanguka chini kwenye ukoka mbichi, tunacheka mpaka machozi, na Mwalimu Editha anatuzunguka huku ameinua raketi juu kama kombe.

Tulikuwa bado chini lori lilipopiga honi.

Nguruwe walikuwa wamevamia mashamba ya Mbingu, na mawingu yalikuwa yamekaa juu ya milima, kwa hiyo Mama Asteria alivuna kwa haraka na kurudi mapema. Mpunga ulikuwa bado una unyevu. Alishuka, akasimama, akatutazama.

"Shikamoo, Mama," Dulla akasema akiwa chini.

"Marahaba." Aliwasalimia wote, mmoja mmoja, bila haraka. Halafu akanigeukia. "Baba Asteria, uwanja wangu uko wapi?"

"Uko chini ya nyasi."

"Uliniambia haujambo."

Alipita juu ya ukoka kwa viatu vyake vya shamba, akachungulia wavu wetu, akakishika kile chandarua, akakiachia. Hakupaza sauti. Angepaza ningepata nafuu.

Magunia yalishushwa. Tulitandika maturubai juu ya nyasi, tukamwaga mpunga. Lakini ukoka ule tulikuwa tumeunywesha maji siku zote, na kesho yake asubuhi maturubai yalikuwa yametota kwa chini, mpunga umezidi kunywa unyevu. Mama Asteria akaingiza mkono kwenye gunia ambalo lilikuwa halijamwagwa, mpaka kwenye kiwiko. Akanishika mkono wangu, akauingiza na wenyewe.

Ndani ya gunia palikuwa na joto.

"Umeona?" akasema. "Unaanza kuchemka. Keshokutwa utanuka, na mwaka wangu umekwisha."

Alijifunga kanga ya pili, akaenda parokiani. Alirudi na ruhusa ya kutumia ua wa saruji wa kanisa, ng'ambo ya barabara mbele ya nyumba yetu, kwa siku iliyofuata, kutwa nzima. Halafu akatuita wanne.

"Mtaubeba ninyi, mtaumwaga ninyi, mtaupindua ninyi mpaka ukauke. Mimi nimevuna, nimechoka. Nitakaa kwenye kiti cha Baba Asteria."

Masanja akakohoa. "Mama, tunakubali makosa. Ila kesho ni fainali, na Mundu ameingia."

"Nimesikia. Nitawaangalizia."

Simu zetu zote alizikusanya kwenye ungo.

Kesho yake tulikuwa uani tangu jua linachomoza. Saruji ilipopata moto tulikuwa tunarukaruka kama kuku. Mwalimu Editha aliongoza kwa reki, sisi tukafuata kwa miguu, tunauchora mpunga mistari, tunaugeuza, tunafukuza mbuzi. Saa kumi jioni, tukijua kwamba mpira wa kwanza umepigwa, tulipindua huku shingo zimegeukia barabarani.

Mama Asteria akatokea mlangoni.

"Yule mwenye kitambaa kichwani amekosa!"

"Wote wana vitambaa, Mama!" Dulla akalia.

"Basi amekosa mmoja wao."

Akaingia ndani. Baada ya muda akatoka tena. "Wana thelathini na arobaini."

"Nani ana arobaini?"

"Nitajuaje, Masanja? Hawakuandika ukoo."

Tulicheka mpaka Mwalimu Editha akakaa juu ya mpunga, akafokewa kutoka ng'ambo kwamba asiukalie. Ukweli ni kwamba tulikuwa tunateseka, na ukweli ni kwamba sijawahi kucheka namna ile. Mimi, niliyekataa mpeleka chai, nilikuwa namsubiri kwa hamu mtu asiyejua hata upande wetu ni upi.

Halafu hakutokea tena. Kikapita kitambo. Halafu tukasikia kigelegele kirefu.

Mama Asteria alivuka barabara polepole, ungo wa simu mkononi.

"Ameshinda."

"Nani, Mama?" Masanja alimuuliza kwa sauti ya mtu anayezama.

"Wenu. Mundu."

Masanja akalia machozi. Dulla akapiga magoti kwenye saruji ya moto, akainuka upesi. Mwalimu Editha akacheza na reki. Mimi, kwa mazoea ya kazi, nikauliza, "Umeona mwenyewe?"

Mke wangu akanitazama kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Nimeona," akasema, "kama wewe ulivyouona uwanja wangu haujambo."

Wenzangu wakazidi kucheka. Mimi nilisimama pale, miguu inaungua, nikajua sitakuwa na hakika. Mjini wanasema Mundu alibeba kombe. Dulla anasema amesoma. Inawezekana. Mimi sikuona, na rimoti tangu siku ile imefungwa kwenye pindo la kanga ya Mama Asteria. Ameniambia atanirudishia siku uwanja wake utakapokuwa kama sahani tena. Kila jioni tunabeba udongo wa kichuguu, wanne wote, na kila asubuhi ukoka umechomoza tena mahali tulipodhani tumeumaliza. Magunia yaliyopata joto yalitoa chenga tupu. Mnunuzi wa Kidatu alichukua mchele mzima, chenga akaziacha, nazo ndizo ninazokula tangu hapo, mchana na jioni, bila kunung'unika.

Nakuonya wewe unayesoma, hasa kama unajivunia kuwa mtu wa hakika. Kupima jambo ni vizuri. Lakini ukitaka kupima kwa kitu cha mwenzako, mwulize kwanza, na akikupigia simu kuuliza hali ya kitu chake, mwambie ilivyo, hata kama jembe liko juu. Nami nilidanganya neno moja tu, na siku niliyolihitaji sana neno la mke wangu, nilikuwa nimeshaliharibu.

Habari za kombe, basi, nimeambiwa. Ninachoweza kukiapia ni hiki. Jua lilipokuwa linashuka, Mama Asteria aliinama pale uani, akaokota punje moja katikati ya mpunga, akaipuliza, akaninyooshea. Niliitia mdomoni, nikaing'ata.

Ikalia ka. Ilikuwa imekauka.